Hadithi za kwenye simu na njia zinazofika pale pale

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu hadithi za kuchagua njia, ambazo watoto wetu siku hizi huzisoma kwenye simu na vishikwambi, na ambazo husifiwa kuwa ni jambo jipya kwa vile msomaji ndiye anayeamua kisa kielekee wapi.

Upya huo siuoni. Bibi yangu alipotoa "Paukwa!" asiitikiwe "Pakawa!" ya nguvu, alinyamaza, na kisa kikaishia hapo; na tulipomwonea huruma Fisi, mara nyingine alimpa njia ya kuponea.

Kinachonikera ni kwamba uchaguzi wenyewe ni wa jina tu. Hivi karibuni nilisoma na mjukuu wangu kisa cha msichana aliyeposwa na mwana wa mfalme. Tukaulizwa: akubali, au akimbilie msituni? Tukabonyeza msituni, akaokolewa na mwindaji, kumbe mwindaji ndiye yule yule mwana wa mfalme, na harusi ikafungwa. Mtoto akarudi nyuma, akabonyeza jibu la pili, kisha akanitazama: "Bibi, mbona ni kule kule?" Na kanga aliyochorewa bibi harusi haikuwa na jina, yaani maneno yanayoandikwa juu ya kanga, kosa ambalo mwanamke yeyote wa pwani angeliona papo hapo, lau angeulizwa.

Tangu mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha London, mwaka 1870, hadithi alizosimuliwa Unguja, visa vyetu vimezoea kuondoka vinywani mwetu na kurudi na jina la mtu mwingine kwenye jalada. Wenzetu wa Alaska walikataa hali hiyo. Mwaka 2014, taasisi ya wenyeji iitwayo Cook Inlet Tribal Council ilishirikiana na watengenezaji wa michezo ya kompyuta kutoa Never Alone, mchezo uliotokana na kisa cha Wainupiat, wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, ambapo wazee walishauri tangu mwanzo na msimulizi anazungumza lugha yao. Mvulana wa kisa cha awali akawa msichana, Nuna, ambaye hangoji kuokolewa, bali hutoka mwenyewe kutafuta dhoruba inatoka wapi.

Basi watengenezaji wetu wamtaje bibi aliyewapa kisa, wamlipe kama wanavyomlipa mchoraji, na wamwonyeshe kazi kabla haijatoka, amwambie mwandishi wa programu iwapo njia ya msituni inafika popote.

Mwalimu mstaafu,
Tanga