Mdomo wangu umeniponza, Asina

Kampala, Jumapili usiku

Dada yangu Asina,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, watoto wazima, mvua ndiyo haikatiki. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua umekasirika maana Juma ameshaniambia. Basi utanigombeza baadaye. Leo nina shida, na shida yenyewe ni asali. Lita 20, kabla ya Ijumaa. Usiikunje barua kwanza, ngoja nikueleze.

Alhamisi walimuaga yule bosi wangu mfupi, yule wa "kwani shida iko wapi". Wakasema twende baa moja iko Kololo. Mimi na baa! Nikajiambia nitakunywa soda moja, nikae nusu saa, nirudi kulala. Kufika, ni nyumba ya zamani yenye baraza, meza ziko chini ya mwembe, na taa zimefifia hata nikadhani umeme umekatika. Kumbe ndiyo mapambo. Kwetu Oli, Arua, tukikaa gizani namna ile majirani wanakuja kutupa pole. Watu walikuwa wanamulika orodha ya vinywaji kwa tochi za simu utafikiri wanatafuta panya. Lakini nisiseme uongo, palikuwa pazuri. Upepo wa kilimani, muziki wa chini chini, na harufu ya machungwa iliyokuwa inatoka kaunta.

Nikasogea kuangalia. Kijana anachonga ganda la chungwa, anawasha njiti ya kiberiti, analiminya ganda mbele ya moto, na yale mafuta yake yanawaka, pwaa! Halafu anapaka ganda kwenye mdomo wa glasi. Kokteli yenyewe nyekundu, inaitwa Negroni: jini, Campari na vermouth, vyote vipimo sawa, na donge moja la barafu kubwa kama kipande cha sabuni. Bosi akapiga funda, uso ukajikunja kama mtu aliyemeza klorokwini, akasema tamu sana, akaagiza ya pili. Wengine wakanywa waragi iliyolowekwa ukwaju. Waragi, Asina! Ile marehemu mzee wa nyumba ya nyuma aliyokuwa anaficha ndani ya birika, leo imevikwa jani la mnanaa na bei yake 30,000.

Yule kijana ni wa Mombasa. Nilipomwambia mimi kilevi hapana, akacheka, akasema, "Basi dada, nikupe dawa." Unajua raha ya kusikia Kiswahili Kampala? Baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi tangu 2022, lakini ukikisema dukani bado wanakutazama kama umekuja kuwakamata. Basi nikakaa pale pale kaunta. Ile dawa ni ndimu zilizokatwa, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali, unaponda nacho ndimu taratibu mpaka asali iachie. Wenzangu wanatiliwa vodka, mimi bila. Asina, ni ile ile ya bibi tulipokuwa tunakohoa! Bibi hakutia barafu tu. Na hakudai 18,000.

Lakini asali yake ilikuwa majimaji, tamu basi, haina moshi, haina ule ukali unaobaki kooni. Nikamwambia. Angalia sasa. Akauliza ya kwenu ikoje, nikaanza, na unanijua nikianza. Nikamweleza ile nyeusi, nzito, ya mizinga ya magogo juu ya miti... Akasema anaitafuta hiyo hiyo, kwa sababu asali nyepesi ikikutana na barafu ladha inapotea. Akauliza naweza kumletea. Nikajibu naweza, mizinga ni yetu.

Yetu! Mimi ninayekimbia hata nzi.

Wakati huo visahani vinakuja. Huko hawali sahani, wanaonja. Sato mbichi, kakatwa vipande vyembamba, kalowekwa ndimu mpaka nyama imekuwa nyeupe, wakaniambia ndimu imempika. Kama ni hivyo kuni tunachanja za nini? Kisha vidole vitatu vya muhogo, vimesimamishwa kama nguzo za nyumba isiyoisha, pembeni odii kidogo, ile rojo ya karanga na ufuta, imevutwa kwa mgongo wa kijiko kama njia ya konokono. Shilingi 22,000. Nikamkumbuka Mama Sauda na lile bakuli lake, nikatamani kulia. Panzi wetu wa nsenene tu ndio walikuwa na maana, msimu wenyewe huu, wamekaangwa na vitunguu wakakauka vizuri. Nilikula karibu wote peke yangu na sijuti.

Kwa nini sijuti? Kwa sababu hesabu ilipokuja tulikuwa watu tisa, wakaigawa kwa tisa. Mimi na glasi zangu mbili za dawa ya kikohozi nikatoa 145,000, sawasawa na yule aliyekunywa Negroni nne akaanza kumlilia bosi begani. Nilitaka kusema, nikaona haya. Mdomo ule ule uliomiliki mizinga ukashindwa kusema "mimi nilikunywa ndimu".

Ndiyo maana asali hii siyo mzaha tena. Kijana akiipenda atachukua kila mwezi, na ile 145,000 itarudi. Pesa yako nitakutumia kwa simu kesho asubuhi, niambie tu bei.

Sasa nijibu haraka. Yule mzee wa njia ya Ediofe bado ana mizinga, au wanawe wameshauza? Ameshavuna? Lita 20 zinapatikana kweli au nikamwombe kijana aridhike na 10? Jerikeni utapata mpya? Tafadhali isiwe ile iliyowekwa mafuta ya taa. Basi la usiku wa Jumatano lina yule kondakta wetu, au nije nipokee kwa mgeni? Na Mama Sauda je, ameshanisamehe yale ya harusi? Na wewe umekasirika kiasi gani, cha kunipigia au cha kunyamaza? Kijana amesema siku moja angependa kuja kuiona mizinga. Nimwambieje?

Wako,
Rehema