Mvinyo wa Australia hauna ladha moja

Ndugu Mhariri,

Kurasa za vinywaji, zenu zikiwemo, zimezoea kuuelezea mvinyo wa Australia kana kwamba ni mmoja: mwekundu, mzito, wenye kilevi kikali. Maelezo hayo yanamwumiza msomaji anayetoa fedha nyingi kununua chupa nzuri, kwa sababu anakuja kuonja akiwa na hukumu mkononi. Kutoka Margaret River magharibi hadi Hunter Valley mashariki ni zaidi ya kilomita 3,000. Hakuna anayeweza kuijumlisha nchi ya namna hiyo kwa sentensi moja, na tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Tuanze na mvinyo unaoivunja dhana hiyo moja kwa moja, ule wa zabibu nyeupe iitwayo Semillon, kutoka Hunter Valley, kaskazini mwa Sydney. Huko kuna joto na unyevu, na mvua hupenda kunyesha wakati wa mavuno, kwa hiyo zabibu huchumwa mapema kabla hazijajaa sukari na kabla ukungu haujaziwahi. Matokeo yake ni mvinyo mweupe wenye alkoholi ya asilimia 10 hadi 11.5 tu, ambao kwa kawaida haupitishwi kwenye mapipa mapya. Ukiwa mchanga ni mwembamba na mkavu kabisa, una ladha ya limau na majani mabichi, na uchachu wake unachoma kidogo pembeni mwa ulimi. Mtu asiyeujua huuona hauna kitu. Ukilazwa kwenye chupa miaka kumi hugeuka rangi ya dhahabu na kutoa harufu ya mkate uliochomwa, asali na nta.

Hapo ndipo waonjaji wengi hupotea. Wakinusa ule mkate uliochomwa huandika kwamba mvinyo umekaa kwenye pipa la mwaloni, wakati harufu hiyo imezaliwa ndani ya chupa. Kipimo ni rahisi. Mwaloni huacha vanila au nazi, pamoja na ukakasi mdogo kwenye fizi. Semillon kongwe haina ukakasi, na baada ya asali yote hiyo puani, mdomoni bado ni kavu na chachu vilevile.

Riesling, zabibu nyingine nyeupe, ya jimbo la South Australia nayo inastahili kutengewa nafasi yake. Ya Clare Valley, hasa ya Watervale na Polish Hill River, ni kavu, ina alkoholi ya asilimia 12 hivi na ladha ya ndimu iliyonyooka. Ya Eden Valley hunukia maua zaidi. Baada ya miaka kadhaa zote mbili zinaweza kutoa harufu ya mafuta ya taa. Chanzo chake ni kemikali iitwayo TDN, ambayo malighafi yake huongezeka pale vishada vinapopigwa na jua kali. Harufu hiyo ikiwa nyuma ya ndimu ni sehemu ya uzee mwema. Ikitangulia mbele katika chupa ya mwaka mmoja au miwili, zabibu ziliungua jua, na mvinyo huo usiuhifadhi.

Kwa mavuno ya mwaka 2000 kundi la watengenezaji wa Clare Valley liliamua kufunga Riesling yao kwa vifuniko vya kuzungusha badala ya vizibo vya gome, kwa kuwa walichoka kuona chupa zikiharibiwa na vizibo. Nchi nzima ikawafuata. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba kifuniko cha kuzungusha ni dalili ya mvinyo wa bei rahisi. Baadhi ya chupa ghali kabisa za Australia zimefungwa hivyo.

Sasa tuje kwenye Shiraz, zabibu nyekundu, ambako ndiko sifa ya uzito ilikotoka. Shiraz ya Barossa Valley, kaskazini mashariki mwa Adelaide, kweli ni nzito: forosadi zilizoiva sana, plamu, chokoleti, ukakasi laini kama mahameli, na alkoholi ya asilimia 14 hadi 15. Thamani yake imetokana kwa kiasi kikubwa na umri wa mizabibu. Filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, aliingia jimbo jirani la Victoria miaka ya 1870, lakini South Australia ilijilinda kwa sheria kali za karantini na mdudu huyo hajaingia. Ndiyo maana Barossa ina mizabibu ya mwaka 1843 ambayo bado inazaa. Mwaka 2009 wazalishaji wa huko walikubaliana majina ya kuandika kwenye lebo: Old Vine ni mzabibu wa miaka 35 na kuendelea, Survivor 70, Centenarian 100, na Ancestor 125. Makubaliano hayo ni ya hiari. Nje ya utaratibu huo, maneno "old vine" kwenye chupa yanaweza kuwa na maana yoyote anayotaka mwuzaji.

Pita mpaka Grampians, magharibi mwa Victoria, ambako ni baridi zaidi. Zabibu ni ileile, mvinyo ni mwingine: pilipili manga inatangulia, tunda linafuata, mwili, yaani uzito wake mdomoni, ni mwepesi. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia walichapisha chanzo cha pilipili hiyo, kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye pilipili manga. Nanogramu 16 tu kwa lita moja ya mvinyo mwekundu zinatosha pua kuihisi. La ajabu ni kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuinusa kabisa hata ilipozidishwa mno. Kwa hiyo wawili wakibishana mezani kama Shiraz ina pilipili au haina, inawezekana wote wanasema kweli, na gazeti linalomtumia mwonjaji mmoja tu kuandika juu ya Shiraz ya maeneo ya baridi linajiweka katika hatari hiyo.

Kuna msomaji atakayesema kwamba mvinyo maarufu kuliko wote Australia, Grange, haufuati hoja yetu ya maeneo. Ni kweli, na haifai kulificha. Max Schubert, mtengenezaji wa mvinyo wa kampuni ya Penfolds, alitembelea Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1950, akarudi na kutengeneza Grange ya kwanza ya majaribio mwaka 1951, ya Shiraz, katika mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani. Mwaka 1957 wakubwa wake walimwamuru aache. Aliendelea kwa siri mpaka ruhusa iliporudi kwa mavuno ya 1960. Mpaka leo Grange huchanganywa kutoka mashamba ya maeneo mbalimbali, na mara nyingi huongezwa kidogo zabibu nyekundu nyingine, Cabernet Sauvignon. Kinachotafutwa ni mtindo: mwaloni wa Marekani unaotoa nazi na vanila, tunda zito, na ukali mdogo kama wa siki unaoinua harufu. Hill of Grace ya kampuni ya Henschke, iliyoanza na mavuno ya 1958, ni kinyume chake, kwani zabibu zake hutoka shamba moja la Eden Valley lenye mizabibu iliyopandwa miaka ya 1860. Ukizionja hizo mbili sambamba utaelewa kwamba ubora wa Australia una njia mbili, na kila njia ina haki yake. Kosa ni kuisifu moja kwa vigezo vya nyingine.

Kwa Cabernet Sauvignon linganisha Coonawarra na Margaret River. Coonawarra ni ukanda mwembamba wa udongo mwekundu wenye chuma, wenye urefu wa kilomita 15 hivi, uliolala juu ya mawe ya chokaa. Mvinyo wake una matunda madogo meusi, ukakasi uliosimama wima, na mara nyingi mnanaa au mkaratusi. Harufu ya mkaratusi si hadithi ya wauzaji. Mafuta ya majani ya miti hiyo husafiri hewani na kutua kwenye maganda ya zabibu, na safu zilizo karibu na miti, hasa ndani ya mita 50, hubeba zaidi. Majani ya mkaratusi yakiangukia kwenye zabibu zilizovunwa, harufu huongezeka sana. Mvinyo mwekundu huathirika kuliko mweupe kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda. Kidogo kinapendeza, kikizidi, tunda linafunikwa na unabaki na dawa ya kifua. Margaret River kwa kawaida haina mnanaa huo. Cabernet yake ina jani la mlori, changarawe na ukakasi mwembamba zaidi.

Huko Margaret River kuna pia Chardonnay bora, mvinyo mweupe, ya balungi na pichi, yenye mwili na uchachu pamoja. Yarra Valley na Adelaide Hills hutoa Chardonnay nyembamba zaidi, ambayo baadhi ya watengenezaji huiacha kwa makusudi iwe na harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa. Ni mtindo, lakini harufu hiyo ikiizima pichi yote, imepitiliza. Pinot Noir ya Mornington Peninsula na mvinyo wa povu wa Tasmania tunazitaja tu, maana kila moja inahitaji barua yake.

Rutherglen, Victoria, haifai kurukwa. Muscat ya huko huongezwa pombe kali kabla sukari haijaisha kuchachuka, halafu hukaa miaka katika mapipa ya zamani huku ikikaukiwa polepole na kuzidi kuwa nzito. Madaraja yake ni manne: Rutherglen, Classic, Grand na Rare, na Rare huwa na wastani wa miaka 20 au zaidi. Rangi ya Rare ni kahawia yenye ukingo wa kijani kibichi, na ladha yake ni zabibu kavu, karameli na kahawa. Mililita 50 zinamtosha mtu mmoja.

Lebo ya Australia isomwe kwa makini kabla ya kufungua chupa. Likitajwa eneo moja, zabibu moja au mwaka mmoja, angalau asilimia 85 ya mvinyo lazima itoke hapo. Zabibu mbili zikiandikwa, inayotangulia ndiyo nyingi: Cabernet Shiraz na Shiraz Cabernet ni mvinyo tofauti. Neno "reserve" halina masharti ya kisheria huko, hivyo lisikuongezee bei.

Katika kuonja, kosa linaloharibu mvinyo huu kuliko yote ni joto. Shiraz ya asilimia 15 ikinywewa kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, pua hupata spiriti kwanza, na mnywaji huondoka akisema Australia ni kali. Inywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Kama imepata joto, itumbukize kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 10. Pinot Noir yafaa nyuzi 13 hadi 15, Chardonnay 10 hadi 13, Riesling na Semillon 8 hadi 10. Ukishusha zaidi ya hapo unaua harufu na kubakiza uchachu. Mimina mililita 50 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena, kisha shikilia mdomoni sekunde 10 kabla ya kutema. Anza na Riesling, maliza na Muscat. Cabernet changa ihamishie kwenye jagi la kioo saa moja au mbili kabla. Shiraz ya zaidi ya miaka 20 isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatue, mimina taratibu mbele ya mwanga, na uinywe mara moja, kwa sababu hewa huimaliza upesi.

Kasoro nazo zisichanganywe. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza kutoa harufu ya yai viza, maana mvinyo umekosa hewa. Mimina mara mbili tatu kati ya majagi mawili: ikiondoka, endelea kunywa, ikibaki kama kabichi iliyochemshwa, mvinyo una kasoro. Chupa yenye kizibo cha gome ikinuka katoni iliyoloa, hiyo ni TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo kilichoharibika, na hewa haiisaidii. Kila dakika harufu hiyo inazidi kujitokeza. Mavuno ya 2020 kutoka maeneo yaliyofikiwa na moshi wa mioto ya misitu ya msimu huo yanahitaji uangalifu wa pekee. Kemikali za moshi hujifunga kwenye sukari, hivyo pua inaweza kukuta mvinyo msafi, kisha mate yakazifungua na majivu yakajitokeza baada ya kutema. Ngoja nusu dakika kabla ya kuandika hukumu. Watengenezaji kadhaa wa Hunter Valley waliamua kutotoa mvinyo wa mwaka huo, na uamuzi huo unawapa heshima.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mnapoandika juu ya chupa ya Australia, tajeni eneo lililo kwenye lebo, mwaka wa mavuno, asilimia ya alkoholi, aina ya kifuniko na nyuzi joto ambazo mvinyo ulionjwa. Mstari mmoja unatosha.

Wasomaji wenu,
Waonjaji wa mvinyo