Barua kwa mwanangu: usingoje tamasha

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na babako anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba umeshaizoea kazi na mtaa wa Miembeni huko mjini Unguja, lakini nimesikitika ulipoandika kwamba kila jioni unajifungia chumbani kusikiliza muziki kwenye simu, kwa kuwa muziki wa mjini, kwa maneno yako, ni wa watalii na wa tamasha la Februari. Sauti za Busara ni tamasha zuri, na tangu mwaka 2004 limetuletea Ngome Kongwe wapigaji ambao vinginevyo tusingewaona. Hata hivyo, tamasha huja mara moja kwa mwaka, na wewe unakaa mwendo mfupi wa miguu kutoka katika klabu zilizoilea taarabu yetu.

Anzia Kokoni, kwa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa mwaka 1905, kisha uende Vuga kwa klabu nyingine ya taarabu, Culture Musical Club. Uliza siku za mazoezi, piga hodi kwa adabu, waamkie wakubwa, na uombe nafasi ya kukaa. Nenda na binti za mamako mdogo, mrudi pamoja. Mazoezini utasikia yale ambayo ukumbini hayasikiki: mwimbaji anarudishwa kwenye mshororo uleule mpaka kila neno litamkike sawasawa, na wapiga fidla wote wanasimamishwa kwa sababu mmoja wao ameingia kabla ya wakati wake.

Hasa ningependa umtazame mpiga ganuni. Ala hiyo ina nyuzi zaidi ya sabini, nyingi zikiwa zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, naye huilaza mapajani akazikaza kwa ufunguo mdogo, ameinamisha sikio, hata kama wenzake wanazungumza pembeni yake. Akimaliza, huvaa pete katika vidole vyake vya shahada, zinazoshika vipande vyembamba vya kudonolea, na ukiwa umekaa karibu utasikia kipande kikigusa uzi kabla sauti yenyewe haijaenea chumbani. Mguso huo spika huumeza, na simu ndiyo haiupati kabisa. Ikipigwa bashraf, yaani kipande cha ala tupu cha kufungulia, usizungumze na mwenzio kwa kudhani kwamba wimbo bado haujaanza, kwa maana bila ya maneno yoyote bashraf inakutia katika maqamu, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo umejengwa juu yake, na mwimbaji atakapofungua kinywa utakuwa umeshafika pale anapokutaka.

Usidhani kwamba vyumba vidogo ni mahali pa kujifunzia tu, na kwamba muziki wenyewe uko kwenye majukwaa makubwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo watu walikusanyika usiku kumsikiliza, wakasikia humo habari za mitaa yao na dhulma za wakati wao. Naamini nyimbo zake zilipata ukali ule kwa sababu walioimbwa na walioimbiwa walikuwa majirani.

Utakapohudhuria onyesho lenyewe, lipia tiketi yako bila ya kutafuta wa kukuingiza bure, na uwe na noti ndogo ndogo kwa ajili ya kutuza. Ubeti ukikugusa, inuka, nenda taratibu kwa mwendo wa wimbo, mpe mwimbaji tuzo yake, kisha urudi kitini. Usione haya. Kwetu sisi wanawake hiyo ndiyo njia ya kusema kwamba neno limefika, na mwimbaji huimba vingine anapojua kwamba anasikilizwa. Wengi wa wapigaji hao mchana wana kazi nyingine, na fedha hizo, japo si nyingi, zina maana kwao.

Ukialikwa harusi ya uswahilini yenye kidumbaki, ile taarabu ya kuchezeka ya kundi dogo, usikatae kwa kisingizio cha uchovu. Fidla moja, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, manyanga ya cherewa, vijiti vya kugonganisha viitwavyo mkwasa, na sanduku vinatosha kuwainua wanawake wa mtaa mzima. Mtazame mpiga sanduku: ala yake ni kasha la mbao lililopinduliwa, lenye uzi uliofungwa kwenye mti, na kwa kuuvuta na kuulegeza mti huo huku akiudonoa uzi, hutoa besi inayosikika mpaka tumboni. Nyimbo huunganishwa bila ya kupumzika, kwa hiyo vaa viatu vyepesi.

Nikijaaliwa kuja Unguja baada ya Idi, nataka unichukue wewe. Kabla ya hapo niandikie ni nani anayepiga ganuni siku hizi hapo Kokoni, kama vijana wa rika lako wanahudhuria mazoezi, na ni wimbo gani uliokuinua kitini mara ya kwanza.

Wako akupendaye,
Mama