Tunaojaza risasi nyumbani tunafukuzia nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye leseni ambao, katika nchi zinazoruhusu, hujaza upya maganda ya risasi za bunduki majumbani mwao kwa ajili ya mchezo wa shabaha. Kazi hii ina faida, kwani risasi iliyotengenezwa kwa kufuata tabia ya mtutu mmoja mara nyingi hupiga kwa usahihi kuliko ya kiwandani. Ninachotaka kukizungumzia ni kiu ya ukamilifu inayoingia taratibu baada ya hapo, ambayo mimi ilinishika kwa miaka na nusura initoe uhai.

Nilianza na mizani ya kawaida inayosoma sehemu ya kumi ya greini, yaani takriban miligramu 6.5. Haukupita muda nikanunua nyingine inayotambua chembe moja ya baruti, nikawa nakesha nikiiokota chembe hiyo kwa kibano, naiweka, naiondoa, nasubiri tarakimu zitulie, huku nimebana pumzi ili isiitikise sahani. Maganda niliyapanga kwa uzito, shingo zake nikazipima unene, vichwa vya risasi nikavipima urefu kimoja kimoja.

Siku moja risasi tatu zilipita karibu katika tundu moja kwenye mita 100. Nilikiandika kipimo kile kwa wino mwekundu, nikatumia miezi saba kuyatafuta tena matokeo yale. Naamini ulevi wenyewe uko hapo: bahati hukutunuku mara mojamoja, nawe ukaiita ustadi, na kwa kuwa hujui itarudi lini, huondoki mezani. Kihesabu, risasi tatu hazithibitishi jambo kubwa. Risasi zilezile, bunduki ileile na mkono uleule vinaweza kutoa leo kundi la matundu lenye upana wa milimita 12 na kesho la milimita 25, na kundi la risasi 10 kwa wastani huwa pana kuliko la risasi 3 kwa takriban mara 1.6, bila chochote kuharibika. Wakati huo mtutu ulikuwa ukiliwa na joto na gesi kwa kila jaribio, na kusoma upepo, ambao humkosesha mlengaji wa mbali kuliko chembe yoyote ya baruti, sikujifunza.

Sikatai kwamba kwa anayelenga mita 1000 hata tofauti ndogo ya mwendo wa risasi huonekana kwenye karatasi, matundu yakipanda na kushuka, na kwa huyo uangalifu wa mezani una maana yake. Mimi nilikuwa nalenga mita 100.

Jioni moja, nikiwa nimezama katika kupima shingo za maganda, nilisahau kutia baruti katika ganda moja, nikalifunga kwa kichwa chake na kulichanganya na mengine kisandukuni. Kiwanjani nilipofyatua nilisikia mlio mfu, kama wa kopo lililogongwa, na bega halikusukumwa. Fataki, yaani kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda, peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama. Laiti ningeingiza risasi nyingine na kufyatua, mtutu ungeweza kupasuka karibu na uso wangu. Jioni ile nilikuwa nimehesabu chembe mojamoja, na ganda zima likapita tupu mikononi mwangu.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, kabla ya kufunga hata ganda moja, myasimamishe yote kwenye kibao chake, mmulike kwa tochi ndani ya kila shingo na kulinganisha kimo cha baruti, tena katika saa ambayo hakuna kipimo kingine kinachowashughulisha. Na mnapoonyeshana karatasi za shabaha, onyesheni za risasi 10, pamoja na zile mbaya. Zangu mbaya sasa nazihifadhi katika daftari lilelile, kando ya ule wino mwekundu.

Ni mimi msomaji wako,
Mlenga shabaha