Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo ya Shule: maji yanachelewa kuliko refa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, tunakuandikia baada ya vijana wawili kutolewa kwa machela kabla ya mapumziko. Katoni za maji ulizoahidi msimu uliopita zilifika, tunashukuru. Zilifika kipyenga cha kuanza kikilia.

Maji ya dakika hiyo hayamsaidii aliyekuja uwanjani mkavu. Mchezaji anatakiwa kunywa zikiwa zimebaki saa nne, mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito wake, kidogo kidogo. Mwenye kilo 60 ni mililita 300 hadi 420. Hapo mwili unapata nafasi ya kuchukua unachohitaji na ziada ikatoka chooni mapema. Zikibaki saa mbili, auangalie mkojo wake. Kama hautoki, au umekoza kama chai, aongeze mililita 3 hadi 5 kwa kilo. Ukiwa wa njano hafifu, aache.

Sasa tazama ratiba yako. Mechi ni saa saba mchana, vijana wako darasani hadi saa sita, na chupa darasani ni marufuku. Maji ya saa tatu asubuhi wayanywee wapi? Wakitoka wanagugumia lita nzima wakifunga viatu. Tumbo linachezacheza, wengine wanatapika, kipa anabanwa na mkojo dakika ya ishirini. Tena wapo wanaoambiwa wanywe tu kadiri wawezavyo. Maji matupu yakizidi mno hushusha sodiamu, madini ya chumvi, kwenye damu, na hilo linaweza kuua.

Hatusemi kiu peke yake ndiyo iliyowaangusha wale wawili. Jua lilikuwa kali, na tunashuku hata asubuhi hawakula. Lakini Sheria ya 7 ya soka inataja mapumziko ya kunywa maji, yasiyozidi dakika moja, na ya kupoza mwili, sekunde 90 hadi dakika 3, kanuni za mashindano zikiruhusu. Kanuni hizo, Mheshimiwa, zinaandikwa ofisini kwako.

Mizani ya kupimia uzito wa wachezaji tuliyoahidiwa tumeisamehe. Tunaomba hili moja: siku ya mechi, chupa ziruhusiwe darasani. Hazihitaji bajeti wala kamati, ni waraka wa mstari mmoja. Chupa darasani, Mheshimiwa, kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi tunacheza tena saa saba.

Wako katika michezo,
Makocha wa timu za shule