Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Fuso zinapanda Umalila tupu

Mheshimiwa, pokea salamu zangu. Mimi ni dereva wa Fuso, nashusha viazi kutoka Umalila hadi Mbalizi.

Machi iliyopita nilimkimbiza mwanangu zahanati ya huku juu, homa imempanda. Nesi akafungua kabati nijionee: boksi la glovu na chupa mbili za panadoli ya maji, basi. Dawa zilishatengwa, ila gari la kuzileta lilikuwa na wiki ya tatu gereji. Siku hiyohiyo Fuso nne zilipanda tupu kufuata viazi, yangu ikiwemo. Mtoto nikamshusha mwenyewe Mbalizi, kwenye utelezi ule.

Kuna kituo cha anga za juu ambacho jioni nyingine tunakiona kikipita kama nyota yenye haraka. Kiko juu kilomita 400 hivi. Kwa barabara, umbali huo haukufikishi Dodoma. Humo watu hawajakosekana tangu Novemba 2000, na hawana shamba wala duka. Wanaokiendesha ni Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada. Chombo cha Marekani, Columbia, kilipovunjika Februari 2003, vyombo vya aina ile, vilivyokuwa vikipeleka watu na mizigo kituoni, vilisimamishwa zaidi ya miaka miwili. Mrusi akabeba watu kwa Soyuz na mizigo kwa Progress, na wakaaji wakapunguzwa kutoka 3 hadi 2 ili akiba itoshe. Tena kati ya Oktoba 2014 na Juni 2015 vikapotea vyombo vitatu vya mizigo, viwili vya Marekani na kimoja cha Urusi. Julai akapanda Mrusi, Agosti Mjapani. Gari la mmoja likilala, la mwenzake linawashwa.

Progress ikishashusha mzigo hujazwa taka, ikaungulia angani wakati wa kurudi. Dragon ya Marekani ndiyo hurudi na mzigo. Hapo dereva yeyote anaelewa, maana kupanda tupu mafuta yanaungua vilevile.

Ninachoomba ni kibali cha Fuso zinazopanda tupu kubeba dawa za zahanati, na fomu moja tu: boksi la dawa lipigwe lakiri, akabidhiwe dereva anayefahamika, nesi alipokee kwa saini. Chanjo sizigusi, zinataka ubaridi. Nauli sidai.

Napanda Jumatatu na Alhamisi, natoka Mbalizi saa kumi na moja alfajiri. Utingo wangu anajua kusoma na kuandika.