Mlituuzia zizi, tukapewa vipande vya mraba

Marangu, Kilimanjaro
9 Machi

Mkurugenzi,
Kampuni ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAKULA CHA "KUTOKA ZIZINI HADI MEZANI", VALAIS, USWISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita mimi, mke wangu na mama yangu mzazi tulisafiri kupitia ofisi yenu hadi mkoa wa Valais, kwenye hoteli ya wateleza theluji. Viza, tiketi na vyumba havikuwa na shida, na dereva aliyetupokea Geneva alikuwa muungwana. Ninalalamikia jioni moja tu, ile ya Alhamisi, ambayo mlitutoza faranga za Uswisi 140 kwa kila mtu, jumla 420, nje ya gharama ya safari.

Jioni hiyo ndiyo iliyotutoa nyumbani. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Marangu. Wazungu wanalala kwangu kabla ya kupanda mlima, na najionea haya kusema kwamba wengi nawapa kuku na chipsi, wakati mtori, kiburu na maziwa ya mgando viko kwa jirani, hatua hamsini kutoka jikoni kwangu. Nilitaka kuona watu wa mlima mwingine wanavyomlisha mgeni kile kinachotoka bandani mwao. Kuteleza hatukuwa na haja nako. Mama ana miaka 71, na mimi theluji ya Kibo naiona kutoka dirishani, inanitosha.

Kipeperushi chenu ninacho hapa mezani. Kinasema tutaingia zizini, tutaonana na mfugaji, kisha tutakula "raclette ya Valais yenye alama ya AOP, mbele ya moto wa kuni", pamoja na mkate wa huko wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Sijui aliyeandika hayo alijua anaahidi nini. Raclette hiyo ni jibini, na jina lake linalindwa kisheria tangu 2007, ndiyo maana ya alama ya AOP: lazima litengenezwe Valais, kwa maziwa mabichi. Mkate nao unalindwa tangu 2004, na angalau asilimia 90 ya unga wake ni rai. Raclette yenyewe ni neno la kukwangua. Gurudumu la jibini, kilo tano hivi, linakatwa nusu, uso wake unaelekezwa motoni, na kila linapoanza kuchuruzika mtu anakwangua tabaka la juu kwa kisu, linaangukia sahani yako, kiazi cha maganda kikiwa bado kinafuka. Unakula, unarudi kwenye foleni. Ndivyo nilivyosoma, ndivyo nilivyomsimulia mama kwenye ndege.

Tulikaribishwa kwenye ukumbi wenye ngozi za kondoo vitini na kengele za ng'ombe ukutani. Mezani palikuwa na kimashine cha umeme chenye visahani vidogo, na sinia ya jibini la vipande vya mraba, vimelingana kama vigae vya bafuni. Mkate ulikuwa mweupe, laini, wa kuchanwa kwa vidole. Nyama ilikuwa nzuri, sitaisema vibaya. Moto wa kuni ulikuwepo pia: kwenye runinga. Ulikuwa unawaka, unapasuka cheche, na baada ya muda ukawa unarudia kutoka mwanzo. Mke wangu ndiye aliyegundua, maana kuni moja ilianguka mara tatu kwa namna ileile.

Mama alitazama zile kengele, akatazama mlango, akaniuliza: "Sasa ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Nilimwuliza mhudumu, binti wa Kireno, na namshukuru kwa kuwa hakunidanganya. Alisema mabanda yako bondeni, na kwenye orodha yake sisi tumeandikwa watu watatu wa chakula cha jioni, basi. Habari ya zizi ndiyo kwanza anaisikia kwangu. Wakati wa kutoka nikasoma bei iliyobandikwa mlangoni. Chakula kilekile, kwa mgeni yeyote aliyeingia kutoka barabarani, ni faranga 36.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema labda kitu hicho hakipo tena, kimebaki kwenye picha. Lakini kesho yake tulipanda basi la njano la posta, tukashuka kijiji cha pili kwenda chini, tukafuata harufu. Mtu aliyekulia Uchagani hahitaji ramani kulipata banda. Tulikuta mzee mmoja anatoa samadi kwa toroli. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, ila alipomwona mama amesimama anachungulia, alimfungulia mlango kabla sijamaliza sentensi.

Ndani kulikuwa na joto. Ng'ombe kumi na kitu, aina ya Hérens: weusi, wafupi, wenye pembe, paji la uso pana kama la fahali, na hao ni majike. Wakipanda malishoni kiangazi hupigana wenyewe kwa wenyewe mpaka apatikane malkia. Majira ya baridi wanafungiwa ndani na kuletewa majani makavu, sawa na sisi tunavyofuga bandani na kushusha watu tambarare kukata majani. Mama alichukua konzi ya majani yale, akanusa, akatikisa kichwa kuridhika. Akamshika mmoja tumboni, akamwambia mzee kwa Kichagga kwamba huyu ana mimba kubwa. Mzee akajibu kwa Kifaransa, akionyesha vidole vitatu. Wiki au siku, sikuelewa, wao walielewana.

Kisha akatupeleka chumba cha pembeni, akashusha gurudumu la jibini la kiangazi kilichopita. Ubavuni, jina la mahali lilipotengenezwa limejitokeza kwenye ganda. Mama alilipapasa kwa kidole gumba, herufi moja moja. Tulikula hapohapo, viazi, vitunguu vya siki, chai ya moto. Nilimpa faranga 50 kwa watu watatu, akataka kunirudishia chenji.

Kwa hiyo kitu mlichotutangazia kipo, dakika ishirini kwa basi kutoka hoteli mliyotuweka. Ninyi hamkumtafuta mzee huyo, wala hamkumpigia mtu simu. Mlichofanya ni kuchukua jina la kazi yake, mkaliweka juu ya vipande vya mraba, mkatoza karibu mara nne. Msinijibu kwamba hoteli ndiyo iliyokosea: fedha nililipa kwenu, risiti ni yenu.

Ninaomba yafuatayo. Nirudishiwe faranga 312, ambayo ndiyo tofauti ya 420 na 108 za chakula tulichokula. Hicho tulikila, nakilipia. Pili, maneno "zizini" na "AOP" yatoke kwenye kipeperushi hicho hadi mtakapokuwa na mfugaji mliyekubaliana naye na kumlipa. Nakala za risiti, ya kipeperushi na picha ya bei ya mlangoni nimeziambatanisha.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Zikipita, nitapeleka jalada hili Tume ya Ushindani.

Mkihitaji kijiji tulikoshukia, niulizeni. Nitawaelekeza kituo cha basi, lakini jina la mzee sitawapa kabla hajakubali mwenyewe.

Wenu,
Mteja wenu wa Marangu